Kumbe dera letu ni mti

Fundi alichomoa uzi mmoja pembeni mwa jora, akaulamba katikati, akaushika huku na huku akavuta. Ukakatika palepale penye mate.

"Hii sio pamba mwanangu," akasema huku anatafuta mkasi wake chini ya vitambaa. "Pamba ikilowa ndio inazidi nguvu. Hii rayoni. Huu mti."

Mti?

"Eeh, mti. Unasagwa, unapikwa, unakuwa uzi. Si ndio unauza wewe, hukuambiwa?"

Hakusema kwa ubaya. Mzee yule ana zaidi ya miaka arobaini kwenye cherehani na anaongea hivyo hivyo na kila mtu. Ila mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi lake Kariakoo, jora la pili mapajani, na asubuhi ile nilikuwa nimeshaposti kwamba mzigo mpya umeingia, madera ya kotoni laini, hayachuji. Miaka sita nauza madera, miaka sita nawaambia watu kotoni, kwa sababu aliyeniuzia aliniambia kotoni na yeye naye kuna aliyemwambia.

Nikarudi nyumbani na hilo neno moja. Mti.

Hii ni wiki ya saba sasa na bado halijaniachia, ndio maana naandika.

## Safari ya mti mpaka uzi

Nilidhani nitasoma dakika tano nilale. Namna kitambaa hiki kinavyotengenezwa sio siri, iko wazi kabisa, na kama umewahi kukaa na watu wanaotengeneza sabuni nyumbani basi nusu yake utaielewa. Wanachukua mti uliosagwa ukawa kama karatasi nene nyeupe, wanauloweka kwenye kostiki, kostiki soda ile ile ya sabuni, wanaukamua, wanauchambua unakuwa kama makombo ya mkate, halafu wanauacha ukae. Mpaka hapo ni mti tu uliolowa, haukubali kuyeyuka. Kinachoufanya ukubali ni kimiminika kimoja kinaitwa kaboni disalfaidi. Kinaingizwa kwenye pipa kubwa linalozunguka pamoja na yale makombo, makombo yanageuka rangi yanakuwa ya chungwa, ukiyarudisha kwenye kostiki yanayeyuka, unapata kitu kizito kinachovutika kama asali. Hiyo ndio viskosi. Inasukumwa kupitia kisahani chenye vitundu vidogo mno, ndani ya beseni la asidi ya salfa, jamii ile ya betri ya gari, na ikigusa asidi inaganda. Inakuwa uzi.

Na pale inapoganda, ile kaboni disalfaidi inaachiliwa. Kazi yake imeisha. Inatoka hewani, pamoja na gesi nyingine yenye harufu ya mayai viza.

Inatoka mbele ya uso wa mtu aliyesimama pale kuangalia nyuzi zisikatike.

## Nikanusa madera yote

Kitu cha kwanza nilichofanya sio kumfikiria huyo mtu. Nilifikiria ngozi yangu. Nilifikiria mwanangu ambaye analala na dera langu la zamani kila siku maana bila hilo hapati usingizi. Nikainuka saa sita usiku nikaenda kwenye kabati nikaanza kunusa, moja moja, lile la mama, lile la kitchen party ya mdogo wangu, haya mapya ya kwenye mfuko, na kila moja nikawa naona kama lina kitu, kama harufu fulani hivi ya kabichi, nikafungua dirisha, nikarudi nikanusa tena.

Halikuwa na kitu. Nimekuja kuelewa baadaye kwa nini, na ngoja niseme hapa ili mwenye wasiwasi kama wangu apumue. Kaboni disalfaidi inachemka kwenye nyuzi joto 46 tu, yaani joto dogo kuliko la chai ya moto, kwa hiyo ni kitu kinachokimbilia hewani haraka sana. Uzi ukishatoka kwenye asidi unaoshwa na kuoshwa tena, unakaushwa, unafumwa, unatiwa rangi, unasafiri baharini wiki kadhaa, unakaa stoo. Dera lililofika kwako halina sumu hiyo ya kukudhuru. Vaa.

Nililala vizuri usiku ule.

Nafuu yenyewe ilidumu mpaka asubuhi. Nikiwa nachemsha maziwa nikajiuliza, kama haikubaki kwenye nguo, na haikufika kwangu, basi ilibaki kwa nani?

## Madirisha ya nondo

Jibu lina umri mrefu, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko vyote. Mimi nilitegemea kusoma habari ya kitu kilichogunduliwa juzi juzi.

Mwaka 1856 daktari mmoja wa Paris, Auguste Delpech, alishaeleza ugonjwa wa wanaovuta kaboni disalfaidi. Wakati ule hakuna rayoni, viskosi yenyewe imekuja kupata hakimiliki 1892 Uingereza. Wagonjwa wa Delpech walikuwa watu wa viwanda vidogo vya mpira, wanatengeneza mabaluni na kondomu, na mpira ule ulikuwa unachovywa kwenye kaboni disalfaidi yenye kloridi ya salfa ndani yake ili ukomae. Wanachovya, wanaanika, wanavuta hewa ileile ya chumba. Alieleza mtu anavyoanza na kichwa kuuma na kizunguzungu, anakuwa na maneno mengi, anacheka, anakasirika bila sababu, usiku ndoto mbaya, na tamaa ya mwili inapanda kupita kiasi. Halafu kipindi hicho kinapita na kinakuja kinyume chake. Anakuwa mnyonge, kumbukumbu zinaondoka, miguu haina nguvu, nguvu za kiume zinakwisha, hata kuzungumza hataki.

Hebu fikiria uko mtaani kwako na jirani anabadilika hivyo. Wangapi tungesema ni kemikali? Tungesema karogwa. Tungesema ameanza kuvuta kitu. Mke wake angesema yale ambayo wake wanasema.

Miaka karibu hamsini baada ya Delpech, mwaka 1902, daktari Mwingereza Thomas Oliver akaandika kuhusu viwanda vya mpira ambako wafanyakazi walikuwa wanapandwa na wazimu ghafla mpaka wengine wanajirusha kutoka ghorofa ya juu. Na akaeleza hatua iliyochukuliwa.

Madirisha yaliwekwa nondo.

Nilikaa na hiyo nondo siku nyingi. Mtu alitoa hela, akaleta fundi wa chuma, wakapima madirisha. Kwa hiyo walijua kwamba kazi ile inatoa watu akili. Walijua, wakapima urefu na upana wa dirisha, na hewa ya ndani wakaiacha vilevile.

## Mashine ya mtumba

Sisi mtumba tunaujua. Tunajua kabisa kwamba kitu kilichochoka kwa mwenzako kinaweza kukufaa miaka mingi, mimi mwenyewe cherehani yangu ya kwanza ilikuwa mtumba na mpaka leo inashona. Ndio maana kisa cha Korea Kusini nimekisoma nikarudia nikarudia.

Miaka ya 1960 Korea ilikuwa nchi maskini inayotaka viwanda kwa udi na uvumba. Wakanunua Japani mashine za kutengeneza rayoni, zilizokwishatumika, wakajenga kiwanda Namyangju karibu na Seoul. Kikaja kuitwa Wonjin Rayon. Kwa watu wa wakati ule hiyo ilikuwa habari njema, ajira, uzi wa nyumbani, dola haziendi nje, na mimi sitawacheka kwa kufurahi maana ningefurahi pia.

Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa ilikuwa 1981. Mpaka magazeti yaje kuishika habari yenyewe ni 1988. Hapo katikati watu walikuwa wanaanguka mmoja mmoja, huyu kiharusi, huyu miguu imekufa ganzi, huyu figo, huyu hasemi vizuri tena, huyu anatetemeka mikono, na kila mmoja alikuwa anaugua nyumbani kwake akiwa na jina lake la ugonjwa. Wengi walikuwa wameshaacha kazi. Sumu yenyewe haikai mwilini muda mrefu, inatoka, lakini mishipa ya damu iliyokwishaharibika na mishipa ya fahamu iliyokwishakufa haitoki nayo. Kwa hiyo mtu anaugua wakati kiwanda kinaweza kusema, huyu si alishaondoka?

Mmoja wao aliitwa Kim Bong-hwan. Alikuwa ameshaacha kazi, anaumwa, anaomba atambuliwe kwamba kaumia kazini, na kikwazo kikawa kwamba idara aliyofanyia kazi haikuhesabiwa kuwa ya hatari. Akafa Januari 1991 bado anasubiri.

Familia na wenzake wakakataa kumzika. Wakalipeleka jeneza getini kwa kiwanda, wakakaa nalo siku 137.

Siku mia na thelathini na saba. Kwetu maiti ikichelewa siku tatu watu wanaanza kunong'ona, Waislamu tunataka kuzika siku hiyohiyo ikiwezekana. Nilijaribu kuwaza mimi nipo upande wa hiyo familia, mama anasema tumpumzishe mwanangu, wenzake wa kazini wanasema tukimzika leo kesho tunazikwa sisi, na wote wana haki. Sikuweza kuamua ningesimama wapi. Mpaka sasa sijui ningemjibu nini yule mama.

Walishinda. Wakati vuguvugu lile linaendelea na baada yake watu zaidi ya 900 walikuja kutambuliwa kuwa wagonjwa wa kaboni disalfaidi kutoka kiwanda kimoja. Kiwanda kikafungwa 1993, na katika fedha za fidia waathirika wakapata mpaka hospitali yao, ya kuwatibu wao na wafanyakazi wengine walioumizwa na kazi.

Halafu mashine.

Mashine ziliuzwa China, mji wa Dandong. Zikafungwa tena, zikawashwa tena. Japani, Korea, China. Kila mahali zilipofika zilipokelewa kama habari njema.

Sijui nilisoma haya saa ngapi usiku ule lakini nakumbuka nilizima simu nikakaa gizani. Kwenye mauziano yote hayo, watu wamekaa mezani, wametaja bei, wamekagua mota na mikanda, kuna aliyemuuliza mwenzake, kwa nini mnaziuza?

## Miguu ya baba mkubwa

Sasa hapa nataka niwe makini nisije nikasema nisichokijua. Baba yangu mkubwa alifanya kazi kiwanda cha nguo zaidi ya miaka ishirini. Hakikuwa cha rayoni, kilikuwa cha pamba, na sisemi ugonjwa wake una uhusiano na haya. Ila nilipokuwa nasoma dalili, nilikuwa namuona yeye.

Miguu yake inawaka moto usiku. Anavua ndala mlangoni na haisikii kama imevuka au bado ipo mguuni, mpaka aangalie. Mwaka jana nilimpeleka hospitali moja hapa Dar, tukapita kwa madaktari watatu, wakampima sukari, presha, wakamuuliza anavuta sigara, anakunywa, ukoo wenu kuna kisukari. Maswali mazuri yote. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, mzee ulikuwa unafanya kazi gani?

Na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni yake sikusema. Sikujua kama ni kitu cha kusema.

Shida ya kaboni disalfaidi ni hii hii, haina alama yake peke yake. Inapiga mishipa ya damu ya moyo, ukiangalia kwa nje ni presha na mshtuko wa moyo wa kawaida. Inapiga ubongo, unaona kiharusi. Inapiga mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, unadhani sukari. Inaweza kuleta mtetemeko na ukakamavu ule wa ugonjwa wa Parkinson. Inagusa macho, rangi zinaanza kuchanganyika. Kwa wanawake hedhi inavurugika na mimba zinaweza kuharibika, kwa wanaume mbegu zinapungua. Kila moja ya hizo ina kliniki yake na faili lake, kwa hiyo mwili mmoja unagawanywa vipande na hakuna anayeona kitu kizima, isipokuwa kuna mtu ameuliza kazi.

Hata suala la moyo lilionekana kwa namna hiyo. Hapo 1968 watafiti wa Uingereza walipochukua rekodi za vifo vya wafanyakazi wa viwanda vya viskosi wakazipanga kwa kazi zao, ndipo likajitokeza kwamba waliokuwa kwenye kusokota uzi wanakufa kwa moyo kuliko wengine. Mmoja mmoja kila kifo kilikuwa kifo tu cha mtu mzima mwenye moyo mbovu.

## Finland walifanya nini

Wiki ya nne nilikuwa nimekata tamaa. Nilikuwa nimeshaamua kwamba hiki ni kitu kisichowezekana, kwamba ukitaka rayoni lazima uchome watu. Ndipo nikakutana na habari ya Finland, na naomba nikae hapa kidogo kwa sababu hii ndiyo iliyonirudisha.

Walichukua wafanyakazi 343 wa kiwanda cha viskosi na wenzao 343 wa kiwanda cha karatasi, umri unaofanana, mji huohuo, wakawafuatilia. Miaka ya mwanzo vifo vya moyo kwa watu wa viskosi vilikuwa karibu mara tano ya wenzao. Mara tano. Wakachukua hatua, kiwango cha gesi kinachoruhusiwa hewani kikashushwa mwaka 1972 mpaka sehemu 10 kwa milioni, na waliokuwa na dalili za moyo wakaondolewa kwenye idara zenye gesi. Wakaendelea kuwafuatilia mpaka ikatimia miaka 15.

Ile tofauti ikafutika.

Kwa hiyo inawezekana. Na mambo yenyewe ni ya kawaida mtu yeyote anaelewa. Mashine ya kusokota inafunikwa, haiachwi wazi, na feni ya kunyonya hewa inawekwa palepale gesi inapotokea, kwa sababu mvuke huu ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili na nusu, unashuka unatambaa sakafuni, feni ya darini inakupepea tu huku unaendelea kuvuta. Gesi iliyonyonywa inaweza kukamatwa ikarudishwa kutumika tena, ambayo hata kwa mwenye kiwanda ni hela yake anaiokoa. Hewa inapimwa kwa kifaa. Pua haifai kutegemewa, maana harufu ile ya kabichi iliyooza unaisikia siku za mwanzo halafu pua inazoea inanyamaza, na mtu anasema siku hizi gesi imepungua kumbe pua ndio imechoka. Mfanyakazi anapimwa mkojo mwisho wa zamu, kuna kitu kinaitwa TTCA ndani yake kinachoonyesha amevuta kiasi gani. Na barakoa za vumbi, zile za kitambaa na za hospitali, hazizuii gesi hii hata kidogo, inatakiwa ya kichujio cha mvuke wa kemikali au ya kuletewa hewa safi kwa mpira.

Halafu moto. Kimiminika hiki hakisubiri kiberiti, mvuke wake unaweza kuwaka ukigusa tu kitu chenye joto la nyuzi mia hivi, yaani bomba la mvuke wa moto linatosha. Na mwenzako akianguka chumbani kwa gesi usikimbilie kumtoa bila kifaa cha kupumulia, mtakuwa wawili. Atolewe kwenye hewa safi na mwenye kifaa, avuliwe nguo zilizolowa, ngozi ioshwe kwa maji mengi, apelekwe hospitali, na hospitali waambiwe jina la kemikali.

Kinachonisumbua ni viwango. Marekani sheria bado inaruhusu sehemu 20 kwa milioni kwa wastani wa zamu, wakati taasisi yao wenyewe ya utafiti wa afya kazini, NIOSH, inasema iwe 1. Ulaya wameweka 5. Pafu ni lilelile.

## Huku kwetu

Nilikuwa nafikiri sisi hatuhusiki zaidi ya kuvaa. Siku moja nikawa namhadithia binamu yangu ambaye yupo stoo ya mgodi mmoja kanda ya ziwa, nikamtajia kabichi iliyooza, akanyamaza kwenye simu.

Akaniambia, "Dada, sisi kuna madumu tukifungua kontena yananuka hivyo hivyo."

Ni zanthati. Ni unga au vidonge vya njano vinavyotumika kuelesha madini, hasa shaba, na dhahabu iliyokaa ndani ya mawe yenye salfa, kwa hiyo ukienda Kolwezi au Likasi kwa ndugu zetu wa Kongo nako ipo. Zanthati inatengenezwa kwa kaboni disalfaidi, na ikipata unyevu na joto inaanza kuvunjika na kuirudisha. Dumu limekaa juani, limeingia maji kidogo, unafungua kifuniko na uso wako upo juu yake. Nikamwambia kontena lifunguliwe liachwe wazi lipumue kwanza, hakuna sigara wala cheche karibu, madumu yakae pakavu penye kivuli, na aombe kifaa cha kupimia. Akasema atauliza kwa bosi wake. Akaniuliza na yeye swali, miaka mitatu aliyokwishakaa hapo je?

Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwambia apime afya na aitaje hiyo dawa kwa jina.

Hata nyanya zetu zina undugu na jambo hili. Mankozebu, dawa ya ukungu ambayo wakulima wengi wanaijua, maabara zikitaka kupima mabaki yake kwenye nyanya zinaivunja na kupima kaboni disalfaidi inayotoka. Ulaya waliacha kuiruhusu tangu 2021, kwa sababu zake nyingine za kiafya. Hilo lina makala yake, sio leo.

Sheria tunazo. Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, Kenya wana zao mbili za 2007, ya usalama kazini na ya fidia. Mfanyakazi ana haki ya kupimwa afya anapoanza kazi na kadri anavyoendelea. Ila sheria haiwezi kumlipa mtu ambaye kwenye faili lake pameandikwa presha tu.

## Niache kuuza?

Hili ndilo limenichosha. Nilisema naacha. Nikamwambia mume wangu naacha rayoni nauza pamba. Halafu nikasoma pamba nako, vumbi lake linavyoziba mapafu ya watu wa viwandani, dawa zinazopigwa shambani, nikajikuta sina pa kukimbilia, labda nirudi kwenye magome. Kuna kitambaa kinaitwa liyoseli ambacho ni mti huohuo lakini kinayeyushwa kwa kemikali nyingine isiyo hii, na karibu yote inarudishwa kutumika tena, kizuri kweli, nimekishika, kinateleza mkononi kama maji. Bei yake wateja wangu hawaiwezi. Dera la elfu kumi na tano ndilo linalomfanya mama wa Mbagala apendeze siku ya shughuli na abaki na nauli, na mimi siwezi kumsimamia mbele nikamwambia achague kati ya kupendeza na mapafu ya mtu asiyemjua.

Na nikiacha mimi, yule mtu anayeangalia nyuzi kiwandani hapati feni. Anapata likizo isiyo na malipo.

Kwa hiyo sijaacha. Nimebadilisha lebo, zimeandikwa RAYONI sasa. Baba mkubwa nimempeleka tena kliniki, safari hii nimeandika kwenye karatasi kazi zake zote, kiwanda, idara, miaka, nikamkabidhi daktari. Daktari kijana, alisoma yote, akaanza kumuuliza mzee maswali, mzee akaongea nusu saa, sijawahi kumsikia akiongelea kile kiwanda muda wote huo.

Na nikamtumia ujumbe anayeniuzia majora. Nikamuuliza uzi wa hiki kitambaa umetoka kiwanda gani, nchi gani, na kama anaweza kujua hewa ya humo inapimwa.

Alikaa siku tisa. Jana usiku akatuma vois.

"Dada yangu, miaka kumi na nne nauza hiki kitambaa. Watu wananiuliza kinachuja? Kinaruka? Kina upana gani? Hajawahi mtu kuniuliza kina nani wamekitengeneza. Nimemuuliza anayeniletea, na yeye anasema hajui, kauliza huko juu. Nasubiri. Wakinijibu nitakwambia."

Jora la maua ya bluu bado liko sebuleni, sijalikata.